Maji Yenye Samaki Balikubali

9 septembre

Lévi amepakaa uji yote mu kiatu ya Songali, sasa hivi tu. Hakumwaga, hapana. Alikuwa anachota na kijiko, anapakaa polepole kama fundi na simenti yake, na alipomaliza akaniangalia mu macho akasema: «Kiatu inakula.» Nilicheka, Mungu anisamehe. Kiisha nikalia kidogo, juu ile uji ilikuwa na karanga na yai, na ilikuwa ya pili asubui hii.

Daftari hii ni neno ya Tamar, infirmière wa centre ya afya. Jana alimufunga Lévi ku mukono ile kamba ya rangi tatu yenye banapimia batoto. Kijani ni muzuri, nyekundu ni hatari. Yetu ilisimama mu manjano. Lévi iko na miaka tatu na mukono yake inaenea kati ya bidole yangu mbili.

«Mama Lévi, ulisoma?»

«Nilifika mwaka ya tatu secondaire.»

«Basi andika kila siku chenye anakula. Na kama kuna kitu ingine mu moyo, andika nayo, karatasi haikatae.»

Tulikimbia vita ya Mbau mu mwezi ya saba, na kutoka ile siku mutoto hakule. Kule alikuwa anaiba hata ndizi ya jirani. Sasa tunakaa hapa Butembo kwa Songali Virginie, shangazi ya bwana yangu. Bwana yangu mwenyewe, Siméon, alirudi Mbau kuvuna kakao yetu mbele bengine bayivune. Anapiga simu siku reseau inakubali, na swali ya kwanza ni ile ile: «Mutoto amekula?»

Leo: bijiko tatu. Kiatu: sahani muzima.

10 septembre

Bijiko mbili. Mvua.

11 septembre

Kijiko moja, akatema. Mvua.

12 septembre

NDIZI MUZIMA. Naandika na herufi kubwa, Tamar aone vizuri.

Nilipeleka simu yangu kwa Papa Ananie, mwenye anatengeneza simu na radio karibu na soko. Juu ya étagère yake kuna machupa makubwa ya kioo, na ndani samaki bekundu, ya kuangalia tu, hapana ya kula. Lévi alisimama pale, mudomo wazi. Mudomo ilikuwa wazi, mimi nikatia ndizi. Akatafuna! Samaki akageuka, yeye akameza. Nikatia ingine. Papa Ananie aliweka bisibisi chini polepole, alikuwa anaona chenye nafanya na hakutaka kuharibu.

13 septembre

Leo iko mengi.

Songali iko na sanduku ya kioo pa boutique yake, anawekea mandazi. Ndugu yake alimuachia wakati alihamia Kampala, na zamani ilikuwa ya samaki. Nilipiga magoti kabisa kumuomba.

«Na mandazi yangu italala wapi? Ku kitanda yako?»

«Songali, alikula ndizi muzima.»

Aliangalia Lévi, akaangalia kiatu yake yenye ingali na alama ya uji. Akasema: «Kamata. Mais siku samaki anakufa, sanduku inarudilia mandazi.» Akaisafisha yeye mwenyewe na chumvi, maana sabuni, anasema, hata mandazi haipende.

Papa Ananie alichunga samaki ya commerçant mumoja tajiri miaka kumi na ine. Anapenda kufundisha. Mimi nilitaka bale badogo benye mukia kama kitenge ya arusi. Akakataa.

«Bale ni ya batu ya Beni, kwenye kuko joto. Hapa Butembo usiku moja tu utabakuta bamelala upande. Kamata bekundu, bo banavumilia baridi kama sisi.»

«Huyu?»

«Angalia mapezi. Anayafunga juu ya mwili, kama mutu anasikia homa. Acha yeye.»

«Na huyu, iko juu, ananibusu.»

«Hakubusu, mama. Anatafuta pumuzi. Chagua mwenye hakuangalie, mwenye iko na kazi yake.»

Nikachagua bane. Badogo, mapezi wazi, bila madoa meupe. Alikubali tumulipe na mandazi ya wiki mbili. Akanipa sheria: tumbo ya samaki haipite jicho yake mu ukubwa, donc chakula kidogo sana. Kubadilisha maji sehemu ya tatu tu, hapana yote. Basizidi bane mu ile sanduku. Na maji ikuwe ya source, ya chemchemi, hapana ya sabuni, hapana ya dawa. «Kama iko na dawa, uiache siku mbili mu basini wazi, ipumue.»

Lévi amebapa majina: Nyanya, Camion, Papa, na Ingine.

Amekula leo: viazi moja, mayai nusu, ndizi mbili. Namuambia: «Kijiko yako, kiisha ya Camion.» Yeye anakula kweli. Kwa samaki naunganisha bidole tu, najifanya namwaga, juu ya ile sheria ya jicho.

15 septembre

Uji yote. Mvua asubui na mangaribi.

19 septembre

Uji, viazi, fretins ya kusaga, bale samaki badogo bakavu. Siméon alipiga simu, nikamusomea daftari yote. Nikauliza: «Uko pale?» «Niko. Soma tena.»

22 septembre

Tamar alimupima: bado manjano, mais karibu na kijani. Nilimueleza juu ya samaki, akacheka mpaka akatoa lunettes ku macho. «Sitaandika hiyo mu fiche ya mutoto. Endelea.»

3 octobre

Banasema ugonjwa ya kuhara imeingia mu quartier za chini. Leo tumekuta kijana mumoja ku source yetu, jina yake Kitsa, na tablier ya plastiki ku kifua, na seringue kubwa bila sindano. Kila bidon ya maji yenye inatoka pale, anaitia chlore, dawa ya kuua ugonjwa.

Bamama bakaanza kumutania palepale. Kyakimwa, jirani yetu mwenye iko na mutoto mudogo Providence ku mugongo, akamuambia: «Docteur ya bidon, unapiga sindano bidon, mbona haikulie?»

«Inalia, mama, ni weye tu husikie.»

Tulicheka. Mais maji inanuka. Lévi alikunywa kidogo akakunja uso.

4 octobre

Mvua. Nilibadilisha maji ya samaki sehemu ya tatu. Nilisahau sheria ya dawa.

5 octobre

Asubui bote bane balikuwa juu, midomo wazi, banatafuta pumuzi. Papa alikuwa amelala upande. Nilimuzika karibu na migomba. Lévi akakimbia barabarani akaambia kila mutu: «Papa amekufa.» Songali alisikia akiwa boutique, akaanguka chini na kilio, juu alifikiri ni Siméon. Bamama batano bakaanguka naye. Ilibidi nipige kelele: «Ni samaki! Ni samaki!» Songali alinichapa kidogo ku bega na kitambaa, kiisha akanikumbatia nguvu.

Sitaita tena samaki jina ya mutu.

Amekula: hakuna.

6 octobre

Hakuna. Papa Ananie alinikumbusha: siku mbili mu basini wazi. Nimeanza.

9 octobre

Maji ya kupumua imewafaa. Bako chini tena, banafanya kazi yabo. Lévi: viazi moja.

13 octobre

Mvua kila siku. Basini ya Songali ni moja, na anaihitaji juu ya unga ya mandazi. Naweka maji jioni, asubui anaimwaga. Hatugombane, mais tunafunga milango nguvu kidogo.

16 octobre

Kitsa ameongeza dawa, banasema ugonjwa imepanda mpaka karibu na soko. Harufu ya chlore iko hata mu chai. Nilichoka kungoja, nikatia maji ya siku moja. Ule mwenye tunaita Ingine amekufa.

Lévi alikaa mbele ya kioo, anahesabu: «Nyanya, Camion.» Anangoja. «Nyanya, Camion.» Amekula: hakuna. Na maji hakunywe, anasukuma kikombe.

17 octobre

Nilishuka ku source mapema, mbele bamama bafike. Kitsa alikuwa peke yake, anapiga mikono juu ya baridi.

«Ndugu yangu, hii bidon moja, iache hivi, bila dawa. Ni ya samaki.»

«Nikiacha yako, bote bataniletea samaki yabo.»

«Mutoto yangu hakule kama samaki banakufa. Mukono yake iko mu manjano.»

Aliangalia mvua, akaangalia mimi. «Apa.»

«Naapa, ni ya samaki tu.»

Akafunga kamba nyekundu ku mukono ya bidon, na akageuza uso wakati nilikuwa napita.

20 octobre

Nyanya na Camion banakimbizana kama batoto ya shule. Lévi: uji mara mbili, fretins, ndizi. Na hii sikutaka kuiandika, mais karatasi haikatae: alichota kikombe mu bidon ya kamba nyekundu wakati nilikuwa nageuka, akakunywa yote, akaomba ingine. Nilingoja siku muzima kama atahara. Hakuhara.

21 octobre

Hakuhara.

23 octobre

Kyakimwa aliingia kuomba moto, akasimama mbele ya kioo.

«Hawa bako hai? Nilisikia balikufa bote.»

«Bale benye nilibapa maji ya dawa balikufa. Hawa bako ndani ya maji ya source yenyewe.»

Alitoa Providence ku mugongo, akamuangalia mu mudomo, mu macho. «Donc ile dawa inaua samaki, na sisi tunainywesha batoto.»

Nilipashwa kusema kitu. Nilisema: «Mimi pia nawaza vile.» Na kweli nilikuwa nawaza.

24 octobre

Siku ya ajabu. Naandika haraka.

Mangaribi kidogo Kyakimwa alikuya na bamama sita, benye bidon zabo. Hapa kwa avenue bananiita «ule mukimbizi wa kwa Virginie». Leo mumoja, Marie-Jeanne, alinipa kiti mu nyumba yangu mwenyewe, akasema: «Mama Lévi, utuonyeshe.»

Kyakimwa aliweka basini katikati, akamwaga maji yenye Kitsa aliitia dawa saa ile ile.

«Tia samaki mumoja, tuone na macho yetu.»

Lévi akashika kioo na mikono mbili: «Hapana Camion.»

Mimi, mama yake, niliwaza: mutoto huyu mumoja, na hawa batoto bote ya avenue. Niliwaza vile, mais haikuwa ile tu. Niliwaza pia kama mara ya kwanza tangu Mbau batu bananingoja niseme kitu. Nikachota Camion.

Alizunguka basini mara mbili nguvu sana. Kiisha akapanda juu. Bamama bakashika bifua. Hatukungoja sana, akageuka tumbo nyeupe. Kahongya, mwenye anauza mukaa, akasema polepole: «Kama mu mwaka ya Ebola. Banatujaribia dawa kama nyama ya pori.» Lévi alikuwa analia sauti yenye sijasikia kutoka tulikimbia.

Kyakimwa akaniuliza: «Na yenyewe, yenye samaki banakubali, munakunywa?»

Nikachota mu bidon ya kamba nyekundu. Nikakunywa kikombe moja. Nikamupa Lévi ingine, alikunywa yote mu kilio yake, mikono inashika kikombe. Bamama bakapiga makofi. Kyakimwa aliomba kidogo juu ya Providence, nikamuwekea mu biberon, chupa yake ya kunyonyea.

25 octobre

Ku source bamama kumi na tano bamekataa seringue. Kitsa alinitafuta na macho. «Mama Lévi, ulisema ni ya samaki.» Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike.

26 octobre

Papa Ananie alisikia, akapanda mpaka hapa, mutu wa miguu ya maumivu. Aliangalia Nyanya peke yake mu kioo.

«Ni weye ulifanya hii kitu mu basini?»

«Papa, tulitaka tuone ukweli.»

«Ukweli gani? Mutu na samaki haiko mwili moja. Samaki anakunyia mu maji ile ile anakunywa, na ananona. Weye utaweza?»

Bamama balikuwa pale, bakacheka. Kyakimwa akasema: «Papa, unatetea dawa, umekuwa munganga?» Mimi nilicheka nao. Papa Ananie aliangalia mimi tu, akakamata fimbo yake, akashuka.

28 octobre

Balimufukuza Kitsa. Nani alitupa udongo wa kwanza, sijue. Tablier yake ilijaa matope. Pipa ya chlore ilibaki pale peke yake, kifuniko wazi, mvua inaingia.

Lévi: mara tatu na akaomba ingine.

1 novembre

KIJANI.

Tamar aliinua mukono ya Lévi batu bote baone. Nilicheza pale mu couloir. Kiisha akauliza, peni tayari: «Maji ya nyumba, inatiwa dawa?»

«Ndiyo, mama.»

Akaandika.

Siméon alilia ku simu. Anasema kakao imebaki wiki mbili, kiisha atakuya kuona mukono ya kijani.

3 novembre

Mvua.

4 novembre

Mvua yenye haikusimama kutoka asubui. Juu ya source, kwenye manyumba ya kilima, choo moja imeanguka. Tuliona mustari ya rangi ya kahawa inashuka mu majani, mpaka kwenye maji inatokea. Marie-Jeanne alisema: «Tungoje kesho, itasafika.»

5 novembre

Imesafika. Iko wazi kama kioo. Nilitia Nyanya maji mupya, nikakaa namuangalia muda murefu. Mapezi wazi. Anakula. Basi nikamupa Lévi.

6 novembre

Fundi mumoja wa kule juu balimubeba ku pikipiki, amefungwa mu shuka, kichwa inayumba. Batu banasema alilishwa sumu na mushemeji. Hakuna mwenye anasema jina ya ugonjwa. Songali peke yake, ku mulango ya boutique: «Sumu haikuye na mvua.» Yeye hakunywe maji, anakunywa chai tu, yenye imechemka mpaka inalia.

Nilienda kuangalia Nyanya. Iko muzuri.

Nikachota.

9 novembre, mu centre ya bagonjwa ya kolera

Sikuandika jana. Naandika yote.

Jana asubui Lévi aliomba uji, akakula nusu. Kiisha akasema: «Mama, tumbo inaimba.» Nikacheka. Mara moja akatoa yote, juu na chini, maji kama ile ya kuosha muchele. Nikamusafisha. Tena. Nikamusafisha. Mara ya tano kitenge haikuwa na rangi tena, ni maji tu yenye inatoka mu mutoto kama bidon imetoboka. Nilimupa kikombe, atulize kiu. Naandika hii: nilimupa ya bidon ya kamba nyekundu. Akatapika.

Kabla jua ikuwe katikati, macho yake ilirudi ndani. Nilivuta ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama kitambaa. Hakulie tena. Nilikuwa napiga kelele ya «Songali! Songali!» mais sauti ilikuwa ya mutu mwingine.

Songali aliacha boutique wazi. Aliangalia mutoto, aliangalia kikombe, aliangalia sanduku ya kioo. Alimufunga Lévi ku mugongo yake mwenyewe, bibi wa miaka makumi sita, akapanda pikipiki mbele yangu, akaambia dereva: «Ukisimama kwa barrière ya barabara nitakula weye.»

Pa mulango ya centre banapulizia bote chlore ku biatu. Mwenye anapulizia aliinama, tablier ya plastiki, pompe ku mugongo. Ni Kitsa. Tuliangaliana. Nilingoja aseme. Alisema: «Inua muguu, Mama Lévi.» Nikainua. «Na ingine.» Nikainua. Kiisha yeye mwenyewe akatukimbilia mbele, anaita: «Tamar! Mutoto! Mutoto!»

Tamar alitafuta mushipa mu mukono. Ilipotea. Ku muguu, ikapotea. Ile mukono yenye ilikuwa kijani, alishika kama ni ya mutu mwingine. Aliipata ku kichwa. Tone ya kwanza ilishuka, ya pili, na mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti kama mutu mujinga, mpaka Songali akanifunika mudomo na kiganja yake, polepole.

Siméon alipiga simu mangaribi. Barabara ya Beni imefungwa, hakuna gari. «Mutoto amekula?» Nikamuambia: «Alikula nusu ya uji.» Haikuwa uongo. Songali alikamata simu, akatoka nayo inje kumuambia yenye ilibaki.

Leo analala. Tamar anasema: «Tungoje mukojo. Akikojoa, figo inafanya kazi, amerudi.» Naangalia kitambaa kavu. Hapa yote inanuka chlore: mashuka, mikono yangu, nywele ya Lévi. Nalala na pua mu nywele yake.

9 novembre, mangaribi

Kavu.

10 novembre

Amekojoa!! Kidogo, manjano sana, harufu kali, na Tamar aliniita nione kama vile ni zahabu. Lévi alifungua macho, akaomba kukunywa. Alikunywa maji ya chumvi na sukari, yenye inanuka dawa, na hakukunja uso.

Kiisha Tamar alikaa ku kitanda. Alifungua fiche yake, akageuza nione ile «ndiyo» yangu.

Nilimueleza yote. Bidon, kamba, Camion mu basini, makofi. Hakunipigia kelele.

«Dawa inaua samaki kweli. Inaingia mu pumuzi yake. Mu tumbo ya mutoto inaua kolera. Na kolera haimufanye samaki kitu. Hakuna kitu ngumu pale, Mama Lévi. Ungeniuliza.»

«Niliogopa.»

«Nyumba ngapi banakunywa ile maji?»

Nilianza kuhesabu ku bidole: Marie-Jeanne. Kahongya na batoto bane. Kyakimwa. Ile nyumba ya mulango ya bleu. Mafundi ya mwisho wa avenue. Bidole ikaisha, nikaendelea na bidole ya Lévi.

«Kitsa na bengine batashuka kesho,» akasema. «Mais bo balifukuzwa. Bamama hawatabasikia. Batasikia weye.»

Nilimujibu nitasema. Nilimujibu: siku tutatoka hapa, siku ya yenga, dimanche, kiisha ya ibada, bote bakiwa pamoja. Alinitazama kidogo tu, akasimama kuenda kwa mugonjwa mwingine.

10 novembre, saa tisa

Niko inje, kivuli ya ukuta, naanika bitenge yenye imetoka mu chlore. Lévi analala, Songali iko naye.

Nikiwaza bamama, naona sasa sikubajua. Nilifikiri ni batu ya kucheka bengine, benye macho ya juu. Mais siku ile balikuya na bidon, balikuya na woga ya batoto yabo, ile woga ile ile yangu, na bakaniamini mimi, mukimbizi, juu ya kioo ya mandazi. Songali nilifikiri ni mugumu. Kitsa nilifikiri ni mukaidi. Mimi njo nilikuwa nafikiri niko mupole.

Naandika hapa maneno yenye nitasema, juu nikisimama bila karatasi nitalia tu. Nitasema: Bamama, ni mimi nilidanganya. Sikutaka kudanganya, mais ni mimi. Nyanya iko muzima mu kioo na Lévi yangu ilibaki kidogo afe, na balikunywa maji moja. Nitasema: tieni dawa. Siku ya yenga iko mbali, ni siku sita, pengine niombe Tamar ruhusa niende kesho na Kitsa, ao nimutume Songali kwanza kwa Kyakimwa, juu Providence ni mudogo sana, iko na miezi munane, na ni mimi na mukono yangu nilimuwekea mu bibe

Kyakimwa anaita. Iko nyuma ya lupango ya kuzunguka centre, Providence ku mugongo, amevaa kitenge ya kutembelea bagonjwa. Anainua chupa juu nione. «Mama Lévi! Kuya basi! Nimeletea mutoto ile maji yetu, yenye samaki balikubali, ya hapa bataitia dawa yabo! Providence amemaliza nusu njiani, ana kiu leo, sijue juu ya nini, anakunywa tu na kutapika, anakunywa na